Watu Wawili Wanaokufahamu

Kidole kimoja, wazee kumi na wawili. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi ambayo Mkuu wa Kitengo aliisukuma mezani kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayesogeza mende aliyekufa. Ilikuwa Jumatano, siku ya tatu tangu Bi Kidole arudi safari ya kikazi, na vumbi la huko lilikuwa bado limeng'ang'ania kwenye mishono ya viatu vyake.

Hilo la Bi Kidole si jina la kuzaliwa. Alibandikwa na wenzake ofisini, akalizoea. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuhakiki wazee wanaopokea posho: anamshika mzee kidole cha shahada, anakilaza juu ya kioo cha mashine, anangoja taa. Taa ikiwaka kijani, mzee yupo na posho yake inaendelea. Ikiwaka nyekundu, mzee hayupo, hata kama amesimama hapo hapo anakohoa.

"Nieleze," Mkuu alisema. "Nieleze taratibu, maana mimi labda ni mjinga. Watu kumi na wawili wamezaliwa na kidole kimoja?"

"Mkuu, mashine ilikuwa haiwasomi. Nilikupigia simu."

"Nami nikakwambia nini?"

"Ukasema wasiosomeka niwaandike hawapo."

"Sasa?"

"Walikuwepo."

"Wapi?"

"Mbele yangu, Mkuu. Kwenye benchi."

Mkuu akavua miwani, akayasugua macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera zaidi katika habari hii. Angekuwa mbaya, angalau mtu angepata wa kumtukana. Yeye naye alikuwa na wakubwa zake, na asubuhi hiyo walikuwa wamemsimamisha mbele ya watu na kumuuliza kama anaendesha kitengo au duka la vidole.

Akatoa karatasi mbili kwenye droo. Ya kwanza ilikuwa maelezo yaliyokwisha kupigwa chapa, yakingoja saini tu: kwamba karani, yaani yeye Bi Kidole, alitoka nje kwa dakika chache, na alipokuwa nje wazee, wakiongozwa na mwanamke mshonaji, walikula njama na kuichezea mashine. Ya pili ilikuwa barua ya kumsimamisha kazi na kumwita mbele ya kamati.

"Ukitia saini ya kwanza, unapewa onyo, yanaisha. Ukikataa, Ijumaa saa nne unakwenda kujitetea. Na kamati haimsikilizi mtu hivi hivi. Uje na wadhamini wawili. Wasiwe ndugu, wasiwe wa hapa kazini. Watu wawili tu wa unakoishi, wanaokufahamu kwa miaka isiyopungua mitano, watakaoandika namba zao za vitambulisho na kusema huyu tunamjua, si mwizi."

"Na wazee?"

"Wanafutwa, wote kumi na wawili."

"Na mshonaji?"

"Huyo ni wa polisi," Mkuu akasema, akavaa miwani yake. "Unaishi pale kwenye maghorofa, sivyo? Watu wawili hutakosa."

Kweli, nani angekosa?

*

Bi Kidole alizipanda ngazi kwenda kwake ghorofa ya nne, maana lifti ilikufa tangu mwaka juzi na hakuna aliyejua ni nani wa kuulizwa. Alipanda huku safari yake ikimrudia kichwani.

Kule alikotumwa kuwasajili wazee upya hakukuwa na umeme. Mashine aliichaji kwa betri ya gari. Siku nane alikaa kwenye darasa moja la shule. Mwanzoni aliwaona washamba, tusimtetee. Alilalamikia mtandao, akalalamikia choo, akalalamikia kuamshwa na watu wanaouliza umelalaje. Akiita jina, kabla mwenyewe hajainuka, darasa zima linajibu, "Yupo!"

"Nataka ajibu mwenyewe!" alifoka siku ya kwanza.

"Mwenyewe magoti yanamsumbua," wakamwambia. "Lakini yupo. Sisi tunamfahamu."

Siku ya sita tumbo lilimvuruga, akachelewa. Alipokaribia shule alimsikia mtu akiuliza ndani, "Binti wa mashine yupo?" na darasa zima likaitikia, "Yupo! Anakuja!" Alisimama nje ya dirisha machozi yakimtoka, na hakujua analia nini, mtu mzima na akili zake. Tangu siku hiyo akaacha kuuliza mtandao unapatikana wapi.

Siku ya saba ikafika zamu ya wazee kumi na mmoja ambao mashine ilikataa kuwasoma. Wa kwanza alikuwa mzee aliyefyatua matofali tangu ujana mpaka macho yalipomwingia ukungu. Vidole vyake vilikuwa laini kama sabuni iliyokwisha. Udongo ulikuwa umekula mistari yote. Nyekundu. Akampanguza kidole, akampaka mafuta, akakipuliza. Nyekundu. Akatoka kumpigia simu Mkuu, akapewa jibu lile, akarudi na kalamu mkononi kuandika "hayupo" mbele ya jina la mtu ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa akimuuliza kama tumbo limepoa.

Kalamu ilikataa. Hapo ndipo mshonaji alipoinuka, mama wa miaka sitini na kitu, mcheshi asiyenyamaza, anayevaa kastabani yake ya bati, kinga ya sindano, kwenye kidole cha shahada hata wakati wa kula.

"Chukua changu," alisema, akaivua ile kastabani. "Vingine vyote sindano imevimaliza, lakini hiki kimelala ndani ya bati miaka arobaini. Kitazame, kama cha mtoto mchanga."

"Haiendi hivyo, mama. Cha huyu ni cha huyu."

"Mimi na huyu mzee tumetenganishwa na ukuta mmoja miaka thelathini. Akikohoa yeye, nakosa usingizi mimi. Mashine yako inataka nini zaidi?"

"Mashine haijui hayo."

"Basi ifundishe, si wewe ndiye mkubwa wake?"

Darasa likaangua kicheko, na Bi Kidole naye akacheka, kicheko ambacho hakuwa amekicheka ofisini miaka tisa. Akaigeuza mashine kuelekea kwa mshonaji. Kwa mkono wake mwenyewe, hakuna aliyemlaghai. Kijani. Kijani. Kijani, mara kumi na mbili, kwa wale kumi na mmoja na kwa mshonaji mwenyewe, na kila mara watu wakipiga makofi. Siku ile jambo hilo lilionekana kuwa la haki kabisa. Hakukumbuka kwamba mjini kuna mashine kubwa zaidi, isiyocheka.

*

Mumewe alikuwa amesimama anampigia pasi binti yao sare ya shule. Alisimama kwa sababu kukaa kulimuuma. Zamani alikuwa dereva wa lori, mpaka lori lilipomkaa yeye mgongoni, na sasa alikuwa mtu wa mkanda kiunoni na dawa za kutuliza maumivu. Alisikiliza habari yote bila kuiacha pasi.

"Kwa hiyo mkono uliigeuza mashine," alisema mwishowe.

"Uliigeuza."

"Nami miaka yote najisifu nina mke mwenye akili." Akaikunja sare, akaikunjua, akaikunja tena. "Sikwambii utie saini. Wala sikwambii usitie. Lakini mshahara ndani ya nyumba hii ni wako. Mimi mgongo wangu haununuliki hata kwa mnada."

"Nitatafuta hao wadhamini."

"Tafuta. Hapa tumekaa miaka minane. Mtu na jirani zake."

Wakatazamana. Katika miaka hiyo minane hakuna jirani aliyewahi kuketi kwenye viti vile, wala wao hawakuwahi kuketi kwa mtu.

"Mimi nawajua wote," binti alisema kutoka mezani, simu mkononi. Alikuwa na miaka kumi na tatu na majibu ya watu wazima.

"Unawajua?"

"Majina ya intaneti zao. Wa mlango wa mbele anaitwa Usiniombe. Wa juu ni Malkia Watano. Kuna mmoja anaitwa Lipa Yako, lakini huyo sijajua ni mlango upi."

Baba yake akacheka mpaka mgongo ukamkumbusha, akashika ukuta. Mama mtu hakucheka.

*

Alianza na mlango wa mbele, hatua tatu kutoka kwake. Ukafunguka kiasi cha upana wa mnyororo, jicho na fulana vikatokeza.

"Sinunui."

"Siuzi kitu, kaka. Mimi jirani yako."

"Jirani wa wapi?"

"Wa hapa. Mlango huu."

Jicho lilitazama juu ya bega lake, likautazama ule mlango kana kwamba ulijengwa asubuhi hiyo. "Si kulikuwa na Wahindi hapo?"

"Walihama. Tuna miaka minane."

"Haya, karibuni," likasema jicho, na mlango ukafungwa.

Ghorofa ya juu alifungua mwanamke mwenye rola kichwani, na huyu alikuwa na bashasha. "Nakufahamu! Wewe si ndiye wa viatu vya ko-ko-ko saa kumi na moja alfajiri? Nikivisikia najua kumekucha, namwamsha mume wangu." Akamkaribisha mpaka kizingitini, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema atakuja, kwa nini asije, binadamu ni kusaidiana. Bi Kidole moyo ulimtua. Akatoa fomu. "Hapa ni jina lako, na hapa namba ya kitambulisho."

"Kitambulisho cha nini tena?"

"Kamati inataka tu, ni utaratibu."

Uso ukamshuka yule mama. Akajishika rola moja, akaikaza. "Dada yangu, nisikudanganye. Mimi ninavyovifahamu ni viatu. Wewe mwenyewe sikufahamu."

Mlango wa tatu hakukuwa na mtu. Wa nne mtoto alijibu kutoka ndani kwamba ameambiwa aseme hakuna mtu. Wa tano mtu alikuwepo, televisheni ikaongezwa sauti.

Akashuka mpaka chini kabisa, kwa mwalimu mstaafu aliyepanga vitabu vyake dirishani. Mzee huyo hakufunga mnyororo. Alifungua mlango wote, akamtazama usoni, akaendelea kumtazama, na tabasamu la ajabu likampanda.

"Wewe ni wa dirisha namba tatu," alisema.

"Samahani?"

"Ofisi ya posho. Dirisha namba tatu. Kila mwaka nakuja, mara sita sasa. Unanishika kidole hiki hapa." Akakiinua. "Kumbe unakaa juu yangu!"

Bi Kidole alitafuta uso ule kichwani mwake, akautafuta kwa nguvu zote, akaukosa. Alichokipata ni kidole: cha kulia, kovu dogo pembeni, husomeka mara ya pili. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mwalimu, mimi... huwa watu ni wengi."

"Hunitazami, najua. Hakuna anayetazama. Mimi pia nilikuwa na wanafunzi sitini darasani." Akampisha aingie, akamwondolea magazeti kwenye kiti, na hicho kikawa kiti cha kwanza cha jirani alichokikalia katika jengo lile. Alimweleza yote, hata ya kuigeuza mashine. Mwalimu alisikiliza kwa makini hadi mwisho, mikono magotini.

"Ulifanya vizuri," alisema. "Ningekuwa kule ningepiga makofi."

"Basi utanidhamini?"

Mzee alikisugua kile kidole kwa mkono mwingine.

"Mwanangu, mimi ni mstaafu. Nikisimama mbele ya hao watu, namba yangu ikae karatasi moja na kesi ya vidole... Wakikizuia na changu? Sina mtoto hapa. Nina posho ile na vitabu." Machozi yalimlenga, akayaonea haya. "Niombe kitu kingine. Niombe chochote kingine."

Bi Kidole hakuwa na kitu kingine cha kuomba. Alimshika mkono, akamshukuru, akapanda ghorofa nne akiwa na fomu tupu. Alipofika juu alisimama katikati ya milango miwili, wake na wa Usiniombe, akiwaza kwamba leo akianguka hapa akafa, watu watalalamika kwamba kuna mtu ameziba njia.

*

Kule alikotumwa kulikuwa na simu moja ya uhakika, ya mwenye duka. Bi Kidole alimpigia saa moja jioni kwa nia ya neno moja tu: amwambie mshonaji aondoke, aende popote, polisi wanakuja. Lakini mwenye duka aliweka sauti kubwa, na kabla hajapumua aliwasikia wazee wamejaa dukani.

"Binti wa mashine! Umefika salama? Tumbo je?"

"Limepoa. Mama mshonaji yupo?"

"Yupo!" wakaitikia wote, na namna walivyoitikia ilimchoma kuliko matusi.

"Nipo, mwanangu. Mbona sauti imepauka?"

"Mama, kuna shida ya kile kidole."

"Kimekuletea shida wewe?"

"Mimi na nyinyi. Mama, nisikilize, kuna watu..."

"Sisi tuache. Wewe wamekufanya nini?"

Wote wakanyamaza kumsikiliza, wazee kumi na wawili na mwenye duka, kwenye spika moja. Bi Kidole alijaribu kulitamka neno polisi, likamkwama. Utamwambiaje mtu, mbele ya wote anaoishi nao, kwamba ukarimu wake umekuwa kesi? Likatoka jingine, jepesi. "Wanataka niende Ijumaa na watu wawili. Wawili tu wanaonifahamu. Na sina."

Halafu mshonaji akacheka, si kwa dharau, kwa mshangao mtupu.

"Wawili? Mji wote huo?"

"Mji wote huu, mama."

"Hee! Jamani, mmesikia? Binti hana watu wawili." Manung'uniko yakapita, mzee wa matofali akasema kitu kwa mbali. "Sasa si ungesema tangu mwanzo—"

Simu ikakatika. Akapiga tena, ikamjibu kwamba haipatikani. Betri ya kule huisha jioni, alijua. Alhamisi akapiga mara kumi na saba. Haikupatikana.

Alhamisi hiyo hiyo mumewe alishuka na kupanda ngazi peke yake, mkanda kiunoni, akigonga milango ambayo mke wake alikuwa amekwisha kuigonga. Alirudi jasho linamtiririka, akajilaza sakafuni, mahali pekee mgongo wake ulipopata nafuu.

"Wa mbele kaniuliza nimehamia lini," alisema akiitazama dari.

"Nitatia saini," mkewe akasema.

Mumewe alinyoosha mkono, akamshika kifundo cha mguu, akakaa hivyo muda mrefu. Binti aliacha simu yake, akaja kukaa karibu nao chini.

*

Ijumaa saa nne kasorobo alitia saini. Kalamu ile ile iliyokataa kule haikukataa hapa. Mkuu alisoma maelezo kwa sauti ili karani mwingine aliyeitwa kuwa shahidi asikie: mwanamke mzee, mshonaji, huvaa kastabani ya bati kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ndiye kiongozi wa njama. "Ni kweli?" "Ni kweli," akasema. Mkuu akampa mkono, akamwambia asijali, mambo haya huja na kupita. Akasema gari linaondoka sasa hivi, yeye mwenyewe na askari mmoja, wafike huko kesho mchana wammalize huyo mama wa vidole.

Alitoka nje kupata hewa. Jengo lao lilikuwa na geti la chuma la kuzunguka. Wafanyakazi walipita kwa kuweka kidole, wageni kwa kuandikishwa na mlinzi. Gari la idara lilikuwa tayari getini, injini inanguruma. Mkuu alikuwa ameketi mbele, vioo juu, anazungumza na simu. Askari alikuwa nyuma, mlango wazi, mguu mmoja nje, bahasha ya maelezo yale juu ya paja, anayasoma.

"Bi Kidole!" mlinzi akaita. Huyu alimfungulia geti kila asubuhi kwa miaka tisa. "Bahati umetoka. Kuna wageni hapa tangu saa tatu, wananichosha. Hawana miadi, hawana jina la idara. Wanasema wamekuja kumdhamini mtu."

Walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa barabara, nje ya vyuma. Mshonaji alikuwa na kitenge kimejaa vumbi na mfuko wa plastiki magotini. Pembeni yake mzee wa matofali, fimbo katikati ya miguu, macho yake ya ukungu yakitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nguo zao zilionyesha wamelala safarini. Mshonaji alipomwona akainuka haraka, uso umejaa furaha, akainua mkono juu kumpungia. Kwenye kidole cha shahada bati likameta juani.

Askari aliinua macho kutoka kwenye karatasi, si kwa kuangalia kitu, ni kwa sababu mtu amepunga.

"Mama ananiambia ni watu wawili wanaotakiwa, na wao ni wawili," mlinzi akaendelea, akicheka. "Nikamwambia hapa haturuhusu watu kwa maneno. Sasa niambie, nisijiingize matatani. Unawafahamu hawa?"

Bi Kidole alilitazama gari. Akisema ndiyo, wataingizwa, na kabla hawajamaliza kusalimia watakuwa wamefungwa ndani ya gari lile lile, bati na yote. Akisema hapana, watu hawa waliosafiri siku moja na nusu, wazee wa kuombewa kiti, waliochangiwa nauli na watu wasio na posho tena, watageuzwa getini kama ombaomba. Alitafuta neno la tatu. Alilitafuta kwa dhati, Mungu ni shahidi, na halikuwepo.

"Bi Kidole?"

"Hapana," akasema. "Siwafahamu."

Mlinzi akawageukia. "Mmesikia? Hawafahamu nyinyi."

"Mwambie atutazame vizuri," mzee wa matofali akasema, akiinuka kwa fimbo. "Sauti ndiyo hii. Ni yeye. Binti, tumbo limepoa?"

Mshonaji mkono wake ulikuwa bado juu. Alimtazama Bi Kidole, akalitazama gari, akamtazama askari na karatasi yake, akarudi kwa Bi Kidole. Polepole akaushusha mkono, akauingiza ndani ya kitenge. Haikujulikana alielewa nini, au kama alielewa lolote.

"Siye, baba," alimwambia mzee, akamshika kiwiko. "Tumekosea jengo. Twende."

"Lakini sauti, mama, mimi sauti siikosei."

"Siye. Wa kwetu anatufahamu."

Wakaondoka kwa kufuata ukingo wa barabara, pole pole, mwendo wa mzee. Mfuko wa plastiki waliusahau. Mlinzi akaufungua kwa fimbo yake, akachungulia: mikate miwili ya safari na kipande cha kitambaa kilichoshonwa vizuri, labda zawadi. Askari akafunga mlango wa gari, likatoka likielekea upande mwingine, upande wa kule walikotoka. Kesho mchana lingemkosa. Kesho kutwa je? Wangemngoja, au angefika na basi wamkute anashuka. Alilijua hilo pia.

"Watu wengine bwana," mlinzi akasema. "Huu mfuko niutupe?"

"Nipe mimi," Bi Kidole akasema.

Aliuchukua, akarudi getini. Foleni ya wazee ilikuwa inamngoja dirisha namba tatu. Akaweka kidole kwenye kioo. Taa ikawaka kijani, chuma kikazunguka, kikampitisha ndani.